Vibao Vyako na Nyumba ya Muuguzi

Mpendwa Baba Neema,

Kamwene. Nimekaa kwenye benchi lako la useremala, lile lenye mguu mmoja mfupi, na nimeweka daftari magotini kwa sababu benchi bado linayumba kama ulivyoliacha. Ni asubuhi. Mvua ya jana imekata, ukungu unapanda taratibu kutoka bondeni, na mahindi yamefika magotini. Nina mambo mengi ya kukueleza. Tangu juzi nayapanga kichwani nikipalilia, na kila nikiyapanga yanavurugika. Ungekuwa hapa ungeniambia, "Mama Neema, pumua kwanza." Haya, nimepumua. Sasa nisikilize.

Kijiji chako kinajengwa.

Safari hii si maneno ya mikutano, yale tuliyokuwa tukiyasikiliza juani hadi saa tisa kisha tunarudi nyumbani na njaa. Greda limechonga barabara kutoka njia panda hadi kanisani, na lile korongo ulilokuwa ukiniambia nishuke kwenye baiskeli nivuke kwa miguu limewekewa kalavati. Nguzo za umeme zimelala pembeni mwa njia zikisubiri kusimamishwa. Tukirudi shambani tunazikalia, kila mtu na nguzo yake. Wapima ardhi walikuja mwezi wa sita, wakatukusanya kwenye uwanja wa shule, wakatuambia tuchore kijiji chetu wenyewe, chini, kwa majivu. Ungeona watu wazima walivyochuchumaa. Mto tuliutengeneza kwa kanga ya bluu ya Mama Kikoti, jirani yetu. Msitu ukawa majani ya mti wa mlingoti, na nyumba zikawa magunzi ya mahindi. Tukaonyesha makazi yatakuwa wapi, mashamba wapi na soko wapi, sisi tukiwa tumeshazeeka na watoto wa watoto wetu wakiwa ndio wenye kijiji. Mama Kikoti akaliokota gunzi la soko akalisogeza hadi jirani na kwake. Bwana mpimaji akamuuliza kwa heshima, "Mama, kuna sababu ya soko kukaa hapo?"

Akajibu, "Magoti yangu."

Nilicheka hadi nikageuka kukutafuta. Bado nafanya hivyo. Nikicheka sana nageuka kuangalia kama na wewe umecheka.

Lakini la kwanza kabisa ninalotaka kukueleza ni nyumba ya muuguzi, maana hilo linakuhusu wewe zaidi ya mtu yeyote.

Unaikumbuka zahanati yetu. Tuliibebea mawe ya msingi wewe na mimi, ukaitengenezea milango, ukaipaka rangi ya kijani uliyosema ni ya maparachichi mabichi. Jengo lilikuwa zuri. Kilichokosekana ni pa kulala mtu wa kutibu. Muuguzi aliyepangwa kwetu wakati ule alilala miezi mitatu kwenye chumba cha kutunzia madaftari, juu ya godoro alilolikunja kila asubuhi kabla wagonjwa hawajafika. Mwishowe akapanga chumba mjini. Ijumaa mchana alikuwa anashuka na gari la kubeba mbao, Jumatatu anapanda.

Na kifua chako kilibana siku ya Jumamosi.

Sitaandika mengi juu ya siku hiyo, maana ulikuwepo. Nilikaa nyuma yako kwenye bodaboda nikakushika kwa kanga mbili. Tulipofika zahanati tukakuta kufuli kwenye mlango uliouranda mwenyewe. Tukaendelea kushuka. Uliniuliza kama nimewafungia kuku, nikakwambia nimewafungia, na hatukuifikia lami. Nilimkasirikia yule muuguzi kwa mwaka mzima. Kisha siku moja nikaingia kile chumba cha madaftari kuchukua kadi, nikaona jinsi kilivyo chembamba, nikaona alama ya godoro ukutani, hasira ikaniisha. Sijui kama sindano ingekuokoa. Hakuna anayejua. Ninachojua ni kwamba mlango ulikuwa umefungwa.

Kwa hiyo halmashauri ilipotuletea habari, mimi niliisikiliza kwa masikio yote mawili. Walisema hivi: wananchi tujenge nyumba ya muuguzi kwa nguvu zetu hadi usawa wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Mhandisi atakuja kukagua kabla ya mvua. Akikuta boma la kuta limesimama sawasawa, wao wataleta mbao, bati, saruji ya kumalizia, na muuguzi wa kuishi humo. Akikuta halijafika, bati zitapelekwa kijiji kingine kilicho tayari, na sisi tutasubiri zamu nyingine ambayo hakuna aliyeijua ni lini.

Mkutano mzima ulinyanyua mikono. Wakanichagua kwenye kamati ya ujenzi. Nadhani walinichagua kwa sababu yako, mimi nikakubali kwa sababu ile ile. Tukapanga kila kaya ilete matofali mia tatu ya kuchoma. Mwezi wa nane wote ulikuwa wa matofali. Yalikuja kwa toroli, kwa punda, kwa vichwa vya akina mama, na yakamwagwa pamoja kwenye kiwanja hadi likawa lundo kubwa lililozidi urefu wa mtu. Nilipoliona nilijisikia kama siku ya harusi.

Ndipo akaja Fundi Sanga, Mkinga wa Makete, mtu mkimya wa kofia ya sufu. Akajenga kozi mbili, mistari miwili ya matofali, juu ya msingi, akanyoosha kamba, akaweka pima maji, akakaa chini. Tukamletea uji. Hakuugusa.

"Mwenyekiti," alisema, "matofali haya mmeyafyatua kwa kibao gani?"

"Kila mtu kwa kibao chake," mwenyekiti wa kijiji akamjibu.

"Na vibao alivitengeneza nani?"

Baba Neema, nilijua hapo hapo. Vibao vya kufyatulia matofali katika kijiji hiki, kuanzia kwa mchungaji hadi kwa muuza maandazi, vilitoka kwenye benchi hili nililolikalia.

"Basi hakuna viwili vinavyofanana," Fundi Sanga akasema. "Hili limezidi kwa kidole. Hili limepungua kidole na nusu. Nikijenga kwa mchanganyiko huu, ukuta utakuwa na mawimbi. Mhandisi hatashuka hata kwenye gari."

Watu wakaanza kunong'ona. Mwenyekiti akasimama, akavua kofia yake, akasema yale yaliyonichoma. "Wanyalukolo, ndugu zangu, tusimseme vibaya marehemu, Mungu ampumzishe. Lakini ukweli ni kwamba mkono wake haukuwa na futi. Ametuponza."

Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilitaka kusimama niseme yote. Maana mimi nilikuwepo, Baba Neema. Nilikuwa jikoni, na ukuta wa jiko letu ni mwembamba.

Wateja wako walikuja hapa jioni jioni, kabla jua halijazama, mmoja mmoja. Aliyekuja hakuanza kamwe na kibao. Alianza na mvua, akaendelea na bei ya viazi, akatoa maharage kidogo kwenye mfuko au kipande cha muwa, halafu akashusha sauti. Aliyetaka kujenga kwake alisema, "Fundi, niongezee kidole," ili tofali liwe kubwa na nyumba ipande haraka. Aliyetaka kuuza alisema, "Fundi, nipunguzie kidole," ili udongo wake umpe matofali mengi. Na wewe hukujua kusema hapana. Wewe ni yule uliyemtengenezea mtu mlango na fremu yake wakati hana hata msingi, kwa sababu alisema mlango utampa moyo wa kujenga. Ulichukua penseli sikioni, ukaangalia kidole chake, ukakata. Kisha ulikuja jikoni kuota moto na kuniambia, "Usimwambie mtu, Mama Neema. Ni kidole kimoja tu."

Nilikuonya. Nilikwambia siku moja vidole hivi vitatuletea shida.

"Shida gani?" uliniuliza. "Kila mtu anajenga kwake. Nani atayaweka pamoja?"

Hilo ndilo kosa letu, na sikulipata jina mpaka nilipokuwa nimekaa juu ya ile ndoo. Hatukuwahi kuwaza kwamba ipo siku tutajenga nyumba moja. Na ukitaka kucheka, cheka sasa: siku ya kuleta michango, wengi walikuwa na vibao viwili nyumbani, kimoja kikubwa cha kwao na kimoja kidogo cha kuuzia. Mchango ulihesabiwa kwa idadi. Unadhani walifyatulia kipi?

Kibao kidogo kuliko vyote kijijini unakijua ni cha nani. Alikuwa amesimama mbele yetu na kofia mkononi.

Sikusema. Nilikuwa na jina lako mdomoni na ningeweza kulisafisha kwa sentensi moja, lakini nikakumbuka ulivyoniomba, nikaona pia kwamba nikianza kutaja vidole vya watu, nyumba itakufa hapo hapo kwa aibu. Kila mmoja angechukua matofali yake na kwenda. Nikamgeukia Fundi Sanga badala yake.

"Fundi, huwezi kabisa?"

Akafikiri. Akachukua matofali manne, akayapanga chini, akayapangua. "Kozi moja ikiwa ya saizi moja, naweza," alisema. "Hata kama ya juu yake ni saizi nyingine. Kila kozi nainyoosha kivyake, unene wa ukuta nitaufuta kwa lipu. Lakini hilo lundo limeshachanganyika, mama. Kidole kwa jicho hakionekani. Nani atayachambua?"

"Mimi," nikasema. "Nipeni akina mama kumi na siku mbili."

Mwenyekiti akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Utayajuaje, Mama Neema? Yana majina?"

Nilikuwa nimeshaanza kutembea kuja nyumbani, kwenye banda la kuku.

Unalikumbuka vizuri banda lile, maana tuligombana kwa ajili yake miaka kumi na zaidi. Kila kibao ulichokimaliza ulikijaribu hapa uani. Mimi nilileta maji na kukanyaga udongo, wewe ulijaza, ukasawazisha kwa kiganja, ukakinyanyua polepole kama mtu anayemvua mtoto shati. Tofali la kwanza la kila kibao lilibaki kwetu. Ulisema hilo ndilo la fundi, ili mwenye kibao akirudi kulalamika uwe na ushahidi. Hakurudi mtu kulalamika, na matofali yakajaa, ukayachoma, ukajengea kuku. Ukuta ukawa umepinda mbele na nyuma. Wageni waliuliza seremala gani anafuga kuku kwenye banda kama lile, nami nikakuomba ulibomoe, nikakuomba tena, na kila mara ulisema kuku hawajalalamika.

Nililibomoa mimi, Baba Neema. Niliwafukuza kuku kwa ufagio nikaanza kutoa tofali moja moja kutoka juu. Wewe uliyapanga kwa kadiri yalivyokuja, kwa hiyo nilikuwa nashuka kurudi nyuma kwenye maisha yetu. La juu kabisa la muuza maandazi, mwaka ule Neema alipofaulu kwenda sekondari. Chini yake la mchungaji, kipindi cha viwavi waliokula mahindi, uliporanda kibao usiku wa kuamkia Jumapili na mimi nikakusema. La Mama Kikoti, lenye alama ya ukucha wa jogoo aliyelikanyaga likiwa bichi. La mwenyekiti, kabla hajawa mwenyekiti, mwaka Neema alipougua surua na wewe ukawa unafanya kazi umembeba mgongoni kwa kanga yangu bila kujali nani anapita. Nilipofika kozi ya chini nilikuta la kwetu, la kibao cha kwanza, tulipokuwa tumeoana miezi miwili. Hilo lina vidole vyako vinne kwenye ubavu. Sijalitoa nyumbani. Lipo jikoni, chini ya meza, maana nayo ina mguu mfupi kama benchi lako.

Kwa kila tofali nilikata kijiti chenye pengo la upana wake. Asubuhi nikawagawia akina mama vijiti, kila mmoja na vijiti vyake, wakalizunguka lundo. Tofali likiingia kwenye pengo bila kucheza, ni la kijiti hicho. Mafungu yakaanza kuota pembeni. Hakuna aliyeambiwa fungu lipi ni la nani. Nilikuwa nimeamua hivyo. Lakini Mama Kikoti unamjua.

Alishika tofali, akaligeuza, akaniangalia. Akanisogelea hadi kanga zetu zikagusana. "Mama Neema, haya si ndiyo yangu?"

"Ndiyo yako."

"Mbona madogo?"

"Ni madogo, ndiyo."

Akanong'ona, "Nilimwambia apunguze vidole viwili?"

"Kimoja tu. Viwili alikataa."

Akakaa juu ya fungu lake mwenyewe na kuanza kucheka, mabega yakimtikisika, machozi yakimtoka, na mimi nikakaa pembeni yake, tukashindwa kueleza wenzetu tunachekea nini. Wakaanza kutuangalia. Kisha mmoja akaangalia fungu lililo mbele yake, akaangalia kijiti mkononi, akaguna. Mwingine naye. Kicheko kikazunguka lundo zima kama ulanzi unavyozunguka kwenye kata. Yaani kumbe wote.

Mwenyekiti alikuja mchana kukagua. Akapita kwenye mafungu, mikono nyuma, akasimama mbele ya lile dogo kuliko yote.

"Haya ni ya nani?" akaniuliza.

"Ya mtu anayeyafahamu, Mwenyekiti."

Kisha akavua koti, akalitundika kwenye mti wa mpaina, akaanza kubeba matofali pamoja na sisi. Alibeba hadi jioni. Alipomaliza akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Neema, nitarekebisha." Sikumwuliza atarekebisha nini.

Basi Fundi Sanga akajenga. Nakwambia alijenga. Kozi ya kaya moja ya Mtoni, juu yake kozi ya kaya ya Shuleni, juu yake ya Kanisani, moja nene, moja nyembamba, kila moja imenyooka kama uzi wa kamba yake. Watu wakawa wanapita kutafuta kozi yao. Ukimsikia mtu anasema, "Sisi tuko chini ya dirisha," ujue anamaanisha kozi yake. Fundi alikuwa na utani wake pia. Akifika kwenye kozi ya matofali madogo alikuwa anapiga kelele kutoka juu ya jukwaa, "Leteni tena, kozi hii ina njaa," na akina mama wakamwangalia Mwenyekiti, na Mwenyekiti akaangalia milima.

Siku ya kumwaga lenta hata wazee walikuja. Wanaume walichanganya zege, sisi tulibeba maji na mchanga, na wanakwaya wa Kilutheri na wa Katoliki walipokezana nyimbo hadi ikawa mashindano. Mama Kikoti alichemsha togwa sufuria mbili. Nilikuwa na matope hadi kwenye nywele. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu ulipoondoka, na kwa mara ya kwanza sikujisikia kama nakuibia kitu kwa kufurahi.

Mhandisi alikuja mawingu yakiwa yameshajikusanya. Kijana mpole, buti safi. Akapanda ngazi, akaweka pima maji juu ya lenta, akainama. Akaisogeza upande wa pili, akainama tena. Akashuka akaziangalia kuta, kozi baada ya kozi.

"Mbona kozi hazilingani?" akauliza.

Nilimwona Mwenyekiti akisogea mbele. Akavua kofia kama siku ile. "Mheshimiwa, ni sisi," akasema. "Tulikuwa na fundi wa vibao, sasa ni marehemu. Kila mmoja wetu alimwomba kidole chake, mimi nikiwa wa kwanza, na yeye alitusitiri. Mkono wake haukukosea. Niliwahi kusema ulikosea, hapa hapa, na leo nafuta." Kisha akanigeukia, akainamisha kichwa.

Mhandisi hakuelewa habari ya vidole, lakini aliandika kwenye karatasi yake kwamba boma limekubalika. Nililiona neno hilo kwa macho yangu. Nikamwomba aniruhusu nilisome tena.

Bati zilifika kabla ya mvua kubwa. Ni za rangi ya kahawia, na zikinyeshewa unazisikia kutoka kwetu. Na muuguzi akaja. Anaitwa Tumaini, Mnyakyusa, binti wa rika la Neema wetu. Alisafiri kutoka Mbeya akiwa na godoro, jiko la gesi na mkungu wa ndizi uliokuwa umeanza kuiva tangu Chimala. Aliposhuka alitusalimia "Ugonile" ya kwao kwa kusahau, nasi tukamjibu "Kamwene", kila upande ukasubiri mwenzake atafsiri, tukaishia kucheka. Nilimpeleka ndani mimi. Alipita chumba hadi chumba akigusa kuta, akafungua dirisha na kulifunga, akaniuliza, "Mama, humu nakaa peke yangu?" Nikamwambia hata akileta mume tumeacha nafasi. Anasema baridi ya Mbeya anaiweza, ila yetu ina meno. Mama Kikoti ameshamfumia sweta.

Na hatukuishia hapo. Mkutano wa mwisho tumepitisha nyumba mbili za walimu, pale tulipoweka magunzi mawili siku ya majivu. Neema alikuja kutoka Uyole wakati wa sikukuu, akatembea eneo lote la makazi mapya, akahesabu hatua, akanionyesha kiwanja anachokitaka ili akimaliza masomo yake ya mbegu za viazi ajenge na kufanya kazi huku. Mtoto wako anataka kurudi, Baba Neema. Watoto wa wenzetu wanaondoka, wa kwetu anahesabu hatua. Kuna maji ya bomba yanakuja, kuna umeme, na mimi nimejikuta naandika mihtasari ya kamati hadi mkono unauma. Wewe ulikuwa unaniita mwandishi nikikuandikia orodha ya misumari.

Sasa nikueleze la wiki iliyopita, maana ndilo lililonikalisha kwenye benchi hili.

Ezekia, yule anayelima jirani na shamba letu la mabondeni, alibanwa kifua. Ile ile kama yako, homa na pumzi fupi. Ilikuwa Jumamosi. Wakambeba kwa machela hadi zahanati, na Tumaini akatoka nyumbani kwake mikono ikiwa na unga wa chapati. Akamchoma sindano, akamtundikia dripu, akakaa naye hadi gari likapatikana la kumpeleka hospitali. Niliposikia, nilifanya kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa wivu. Si furaha ile. Wivu. Nilimwonea wivu mke wake.

Jana kabla ya mvua nilikuwa natoka kuchuma mboga, nikakutana naye njiani. Amepungua, lakini amesimama. Aliponiona alitaka kukwepa kwenye mahindi. Kijiji kizima kinajua tulivyokuta kufuli siku yako, na yeye anajua.

"Kamwene, Mama Neema," alisema, akiangalia chini. "Mimi... samahani."

"Samahani ya nini, Ezekia?"

Nikahamishia mboga mkono wa pili, nikamwambia, "Tembea."

"Mama?"

"Nenda tu, tembea. Nataka kukuangalia."

Akaona aibu, lakini akatii. Akapita pembeni yangu akaanza kupanda kilima polepole, akisimama kidogo kupumua, akiendelea. Nilisimama na mboga zangu mkononi nikamtazama hatua kwa hatua, hadi mke wake alipotokea juu na kumpokea. Wivu ulikuwa umeisha. Nilijikuta natabasamu peke yangu njiani, na mvua ikanikuta hapo hapo, na sikukimbia.

Basi nakuaga, Baba Neema, nirudi kwenye palizi kabla jua halijawa kali. Pumzika kwa amani. Huku tunaendelea.

Mkeo,
Mama Neema